KABLA YA KUIUZA SIMU YAKO, IONDOE SIRI YAKO NA YA WENZAKO



Kila mwanzo wa muhula wa shule, yaani Februari, Mei na Septemba, wengi wetu hulazimika kuuza vitu vya nyumbani ili watoto wapate karo. Siku hizi kitu cha kwanza kuuzwa ni simu, kwa sababu ni nyepesi kubeba na mnunuzi wake hakosekani. Mfanyakazi akimaliza zamu yake Industrial Area, Nakawa au Namanve huingia mjini, akapita katika maduka ya simu ya Kampala Road au Mutaasa Kafeero Plaza, na kabla ya giza amekwisha kupata fedha zake. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na wa mashamba ya chai, nao huzileta mjini au humwuzia jirani kambini.

Hatumlaumu mtu kwa kuuza mali yake. Shida tunazijua, maana ni zetu sote. Lakini anayeuza simu bila kuisafisha huuza vitu viwili kwa bei ya kimoja: chombo chenyewe, na habari zote zilizomo ndani yake. Katika makala haya tunaeleza habari hizo ni zipi, kwa nini kufuta kwa kawaida hakutoshi, na hatua za kufuata.

KILICHOMO NDANI YA SIMU

Zamani simu ilikuwa ya kuongea tu. Mwaka 2009 MTN ilianzisha huduma ya Mobile Money nchini Uganda, na simu ikawa mkoba wa fedha. Mwaka 2012 uandikishaji wa laini ulianza, na mwaka 2017 kila laini ilitakiwa kuthibitishwa kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2016 ulikuja mkopo wa MoKash, ambao mtu huupata kwa namba yake ya simu. Kwa hiyo namba ya simu leo ni kama jina la pili la mtu: yeyote atakayeishika laini hiyo atafanya mambo kwa jina lako.

Tazama sasa kilichomo katika simu ya mfanyakazi wa kawaida. Mna ujumbe wa fedha zilizoingia na zilizotoka, na majina ya waliozituma. Mna picha ya kitambulisho cha taifa, uliyoipiga siku ile ulipotakiwa kuituma mahali. Mna hesabu ya akiba yako ya NSSF. Mna karatasi ya hospitali, picha za watoto, na maneno ya mume na mke.

Tena mna mambo ya chama. Wanachama wengi sasa huarifiana kwa makundi ya WhatsApp. Humo mna majina na namba za wanachama, malalamiko juu ya msimamizi fulani, na mashauri ya madai ya mshahara kabla hayajafikishwa kwa mwajiri. Simu moja ikiuzwa na yote hayo yamo, wanaouzwa ni wanachama wote wa tawi. Fikiri simu hiyo ikimfikia mtu wa ofisi ya kiwanda, na huyo ana hamu ya kujua ni nani anayewachochea wenzake kudai haki.

Haki ya kujiunga na chama tunayo katika Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 40. Lakini haki kuwapo katika maandishi ni jambo moja, na mtu kufukuzwa kazi kwa kisingizio kingine ni jambo lingine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya habari za watu iliyoanza kutumika mwaka 2018 imeuhesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa habari nyeti, pamoja na dini na afya. Wenzetu huko wanajua kwamba orodha ya wanachama ni silaha mikononi mwa asiyewatakia mema.

KWA NINI KUFUTA HAKUTOSHI

Wengi hudhani kwamba wakifuta picha na ujumbe, vimekwisha kabisa. Sivyo. Chukua mfano wa ghala la kiwanda. Karani ana kitabu kinachoonyesha kila gunia liko wapi. Karani akikata mstari juu ya gunia katika kitabu chake, gunia lenyewe halijaondoka. Liko pale pale mpaka mahali pake patakapohitajiwa kwa gunia jingine. Simu nayo hufanya hivyo. Unapofuta picha, kinachofutwa kwanza ni mstari wa kitabuni. Mtu mwenye programu ya kufufua vitu vilivyofutwa huingia ghalani moja kwa moja, bila kukitazama kitabu.

Hayo yamethibitishwa. Mwaka 2014 kampuni ya Avast ilinunua simu 20 za Android zilizokwisha kutumika, ikatoa ndani yake picha zaidi ya 40,000 ambazo wenyewe waliamini wamezifuta. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichunguza simu 21 za Android za matoleo ya zamani, mpaka toleo la 4.3. Waliona kwamba hata baada ya simu kurudishwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani, mabaki ya ujumbe na ya akaunti yaliweza kupatikana.

Simu za karibuni ni afadhali. Kila simu mpya iliyotoka kiwandani na Android toleo la 10, la mwaka 2019, au toleo la baadaye, huandika kila kitu kwa fumbo. Simu za iPhone hufanya vivyo hivyo. Ni kama ghala ambalo kila gunia lina kufuli: ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, ufunguo huharibiwa, na magunia yaliyobaki hayamfai mtu. Lakini simu nyingi zinazopita mikononi mwetu ni za zamani, nazo zahitaji kazi zaidi.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, hamisha unavyovihitaji. Nakili picha na namba katika simu nyingine au katika akaunti yako ya Google. Namba za jamaa na za viongozi wa tawi ziandike katika daftari.

Pili, toa laini na kadi ya kumbukumbu, uvitunze. Usiuze laini pamoja na simu hata ukiongezewa fedha. Fedha za Mobile Money na za Airtel Money hukaa katika namba, wala hazikai katika chombo. Laini ikibaki ndani, umeacha mkoba wako mezani. Tena laini imeandikishwa kwa jina lako, na uovu utakaofanywa nayo utaulizwa wewe.

Tatu, toka katika programu za benki, za fedha na za WhatsApp. Kuiweka WhatsApp katika simu mpya huizima ile ya zamani, lakini maneno ya zamani hubaki katika chombo mpaka yafutwe. Yafaa pia uweke namba ya siri ya WhatsApp, ili mtu asiifungue kwa kuipata laini peke yake.

Nne, ondoa akaunti ya Google, au ya Apple ikiwa ni iPhone, kabla ya kufuta simu yote. Hatua hii wengi huiruka. Simu za Android tangu mwaka 2015, na iPhone tangu mwaka 2013, zina kufuli la kuzuia wezi. Ukifuta simu bila kuondoa akaunti, huenda mnunuzi akakuta inadai neno lako la siri. Atarudi kwako na ugomvi, au atakuomba umpe neno hilo. Usimpe mtu.

Tano, irudishe simu katika hali ya kiwandani. Nenda sehemu ya mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu la meno, utafute mahali pa kufuta kila kitu. Fanya kwa mkono wako mwenyewe kabla simu haijafika kwa fundi au dukani. Hatusemi kwamba wafanyabiashara wa simu ni wezi. Wengi ni watu wa jasho kama sisi. Lakini siri haiwekwi rehani kwa uaminifu wa mtu usiyemjua.

Ikiwa simu ni ya zamani, ongeza kazi hii: baada ya kuifuta, usiweke akaunti yoyote, bali elekeza kamera ukutani, urekodi video mpaka nafasi yote ijae, kisha ufute tena. Hapo magunia mapya yasiyo na maana yamekalia mahali pa yale ya zamani.

Sita, washa simu uihakikishe. Ikikusalimu kama mgeni na kukuuliza unataka lugha gani, kazi imekwisha.

Saba, andikianeni. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, ambayo ni namba ya chombo chenyewe. Andika namba hiyo, tarehe, bei, na jina la mnunuzi kama lilivyo katika kitambulisho, kisha wote wawili mtie sahihi na kila mmoja awe na nakala yake. Mtandao huweka kumbukumbu ya laini iliyotumika katika kila chombo. Simu ikija kutumika katika uhalifu, polisi wakifuata IMEI huenda wakafika kwako, na karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

SIMU ILIYOVUNJIKA

Kioo kikifa, usidhani na kumbukumbu imekufa. Habari hukaa katika kibao cha ndani, na anayenunua simu mbovu kwa ajili ya vipuri anaweza kukiwasha kwa kioo kingine. Mwombe fundi akuwekee kioo kwa muda mfupi, ufute mbele yake, ndipo uuze. Usiichome moto, kwa sababu betri hulipuka na moshi wake ni sumu.

IKIWA UMEKWISHA KUUZA

Badilisha leo neno la siri la Google, kisha uiondoe simu ile katika orodha ya vyombo vya akaunti yako. Badilisha namba ya siri ya fedha. Ikiwa laini ilikwenda na simu, nenda na kitambulisho katika ofisi ya mtandao wako ukaibadilishe. Mjulishe pia katibu wa tawi. Hakuna aibu katika kuwakinga wenzako.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda siri ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Habari Binafsi ya mwaka 2019 imetoa njia ya kulalamika kwa ofisi ya ulinzi wa habari hizo iliyo chini ya NITA-U. Lakini sheria huja baada ya hasara, na picha iliyokwisha kusambaa hairudi.

Kwa hiyo tunawaomba makatibu wa matawi watenge dakika 10 katika mkutano ujao, wawasomee wanachama hatua hizi saba, na vijana wanaozijua simu wawasaidie wazee wao. Anayelinda simu yake analinda tawi zima.

Umoja ni nguvu.