Kwa Nini Gitaa Hukwaruza Baada ya Kubadilishwa Nyuzi

Upepo wa chumvi uvumao kutoka Bahari ya Hindi ni adui wa chuma. Huko Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi, nyuzi za gitaa la umeme hushika kutu upesi kuliko katika miji ya bara, na kwa hiyo hazina budi kubadilishwa mara kwa mara. Aghalabu mpigaji hufunga nyuzi zozote alizozipata dukani bila kuangalia unene wake. Akimaliza kuzipatanisha, husikia jambo asilolitarajia: gitaa lililolia vizuri jana, leo linakwaruza. Wengi hudhani kwamba freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyopandikizwa shingoni, zimeharibika. Hushika tupa na kuanza kuzipunguza. Mara nyingi kosa haliko katika freti hata kidogo, na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi tena.

MZANI KATI YA NYUZI NA SHINGO

Uzi ukipigwa hutetema huku na huku. Ukikosa nafasi ya kutosha, hugonga freti zilizo mbele ya kidole mara nyingi kwa sekunde moja, na migongano hiyo ndiyo mkwaruzo usikikao.

Shingo ya gitaa ni mti, na mti ukitwikwa mzigo hupinda. Nyuzi sita huivuta shingo upande wa mbele. Katika magitaa mengi ya umeme umefichwa ndani ya shingo ufito wa chuma unaopingana na mvuto huo. Nguvu hizo mbili zikipatana, shingo hubaki na upinde mdogo sana wa mbele, na upinde huo ndio uupao uzi nafasi ya kutetema.

Mkazo wa uzi hupatikana kwa kanuni ifuatayo:

K = u × (2 × L × f)²

Hapa K ni mkazo kwa nyutoni, u ni tungamo la mita moja ya uzi kwa kilogramu, L ni urefu wa uzi unaotetema kwa mita, na f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Tuchukue uzi mwembamba kuliko wote, wenye urefu wa mita 0.648, utetemao mara 329.6 kwa sekunde. Ukiwa na unene wa milimita 0.23, mkazo wake ni karibu nyutoni 59. Ukiwa na milimita 0.25, mkazo hufikia karibu nyutoni 73. Tofauti ya unene haionekani kwa macho, lakini mkazo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa nyuzi zote sita, tofauti ya jumla hukaribia uzito wa kilo 8. Ni dhahiri kwamba shingo haiwezi kukaa kama ilivyokaa kwanza.

Nyuzi zikiwa nyembamba kuliko za awali, ufito hushinda, shingo hunyooka au hupinda nyuma, na nyuzi hulala juu ya freti. Zikiwa nene zaidi, shingo hupinda mbele mno, na nyuzi huwa ngumu kubonyeza.

KUTAFUTA CHANZO

Mahali penye mkwaruzo ndipo penye habari. Ukisikika katika freti tano za kwanza, yaelekea shingo imenyooka kupita kiasi. Ukisikika kuanzia freti ya 12 kwenda mbele, huenda daraja libebalo nyuzi juu ya mwili limeshushwa mno, au shingo imepinda sana. Ukisikika tu uzi unapopigwa bila kubonyezwa, chanzo chaweza kuwa kile kipande chenye mifuo kilicho karibu na kichwa: mfuo umelika, au uzi haukukaa ndani yake barabara. Ukisikika mahali pamoja tu, hapo ndipo freti yenyewe hushukiwa.

UTARATIBU WA MAREKEBISHO

Kwanza, nyuzi zipatanishwe kikamilifu, kwa maana vipimo vya gitaa lililolegea havina maana. Pili, upinde wa shingo upimwe. Uzi mnene hubonyezwa katika freti ya kwanza na katika ile iliyo penye kiungo cha shingo na mwili; nafasi iliyobaki katika freti ya saba yafaa kuwa kati ya milimita 0.2 na 0.3. Tatu, ikiwa nafasi haipo, ufito hulegezwa kwa spana yake. Ikiwa imezidi, hukazwa. Kila mara isizidi robo ya mzunguko. Kisha nyuzi hupatanishwa upya, na shingo huachwa itulie kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa tena. Nne, ndipo kimo cha nyuzi kirekebishwe kwenye daraja. Tupa ni ya mwisho kabisa, na ni kazi ya fundi.

Pwani, hewa nayo ina sehemu yake. Mti hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuupoteza wakati wa kiangazi, hivyo marekebisho ya msimu mmoja huweza kuhitaji kurudiwa msimu mwingine. Wenyeji wa Kilwa wanaijua thamani ya mti wa namna hiyo. Mpingo wa misitu yao, mzito hata huzama majini, hutengenezewa klarineti na obo, na pia mbao za kubonyezea nyuzi za magitaa. Hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kukatwa. Mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Chombo kitokanacho na mti wa namna hiyo hakistahili kuharibiwa kwa pupa ya dakika moja.

JARIBIO LA DARASANI

Shule isiyo na kipimo cha milimita 0.1 yaweza kutumia karatasi. Wanafunzi wapime kwa rula unene wa rimu ya karatasi 500, kisha wagawanye kwa 500. Rimu ya kawaida ina unene wa karibu milimita 50. Basi karatasi moja ni karibu milimita 0.1. Karatasi mbili au tatu zikipenya kwa kugusa tu chini ya uzi katika freti ya saba, shingo iko sawa. Baada ya hapo, wakokotoe kwa kanuni iliyotolewa: uzi wa unene uleule ukilegezwa hadi nusu ya mitetemo yake, mkazo wake utabaki kiasi gani?