Bien Akitoka Solo: Ngoma Bila Beef

Manze, msanii akitoka kwa mbogi kubwa, mtaa huuliza kitu moja: nani alikosana na nani? Ya Bien Baraza wa Sauti Sol haikuenda hivyo, na nataka kila mtoi ameanza mziki juzi aicheki hii stori poa.

Rada ni hii. Bien, Savara na Chimano walikuwa wasee wa kwaya pale Upper Hill School. 2005 wakaanza Sauti Sol, wakapatana na Polycarp na gitaa yake Alliance Française, tao. 2008 albamu ya kwanza, Mwanzo, ikatoka: gitaa kavu na sauti zimepangana vikali. 2014 wakabeba tuzo ya MTV Ulaya ya wasanii wa Afrika. Hapo Kanairo yote ikaringa.

Sasa cheki vile waliachana. 2021 walisema wazi kila msee atachapa kazi yake kando, na hiyo form wakaiita Alone Together. 2022 Savara, Chimano na Polycarp wakaachilia kazi zao. Novemba 2023 mbogi ikafanya Sol Fest Nairobi kuaga mafans, na mwezi huo huo Bien akadondosha albamu yake ya kwanza solo, Alusa Why Are You Topless? Huyo Alusa ni yeye mwenyewe, ni jina lake.

Ukiiskiza, weka earphone. Kwa Sauti Sol, Bien akiachia noti kulikuwa na msee wa kuidaka. Hapa mara mingi hakuna. Ile sauti yake ya kukwaruza inasimama mbele peke yake, na ikitetemeka, unaskia. Mi naipendea hapo. Kwa ngoma ya My Baby yuko na Ayra Starr wa Naija, na hamfuniki. Anampea nafasi aimbe, alafu anaingia pole pole. Hiyo adabu ya kuskiza mwenzako hujifunzi solo. Unaitoa kwa mbogi.

Ndio maana wale hukaa wakitafuta Sauti Sol ndani ya hii albamu wanajinyima uhondo. Mpeeni Bien maskio yenyu.

Na wewe uko na mbogi yako mtaani na moyo inavuta kando, bonga na wasee wako mapema. Malizeni shoo zenyu, gawanyeni doo vile mlikubaliana, alafu utoke na kazi imeiva. Mlango ukifungwa na heshima, hata kesho mnaweza panda stej pamoja.