KUINGIA SIYO KUOANA!

Umewahi kumwona fundi wa gereji akikaza nati ya kuokoteza? Inaingia, anatabasamu, gari linaondoka. Kesho yake tairi liko mtaroni!

Basi kule Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi wanakutana na balaa la namna hiyo kwenye risasi. Wenzetu hawatupi maganda ya risasi. Wanayaokota na kuyajaza upya wenyewe nyumbani: fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya.

Kazi inataka vidude viwili. Kwanza dai, chuma chenye tundu linalobana ganda lililotanuka lirudie umbo lake. Pili kishikio, kinachoshika kitako cha ganda wakati mashine ya mkono inalisukuma ndani ya dai.

Utamu unaanzia hapo. Dai nyingi, ziwe za RCBS, Lee ama Hornady, zina skrubu ya upana mmoja, inchi 7/8. Zinaingia mashine karibu zote. Vishikio navyo vivyo hivyo. Mtu anasema, "Ah, si vinaingia?"

Kumbe namba tu zinachanganya. Ganda la risasi ya .30-06 linataka kishikio namba 3 cha RCBS, lakini cha Lee ni namba 2, na cha Hornady namba 1. Ukitaja namba bila kampuni, umeliwa.

Kubwa zaidi ni unene. Sehemu inayobeba ganda kwa kawaida ina inchi 0.125, milimita 3 na ushee. Kikizidi unene, ganda halisukumwi vya kutosha, na bunduki inagoma kufunga. Kikipungua, ganda linasukumwa kupita kiasi, linapwaya ndani ya bunduki, na kila likipigwa linavutika. Mwisho wake linakatika karibu na kitako, na gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni. Huo siyo mchezo, ndugu yangu!

Dawa yake? Nunua dai na kishikio vya kampuni moja. Ukibadili kimoja, pima na upange dai upya kabla ya kuendelea.

Hapa kwetu risasi ni mambo ya kibali, kwa hiyo usijaribu. Ila ukienda dukani kutafuta spea ya pikipiki yako, kumbuka: vinavyoingiana siyo lazima vioane. Hata kwenye ndoa. Muulize shangazi yako!