Virusi haviruki ukuta, vinaingia getini

Ukiulizwa ni wapi ugonjwa wa mlipuko ungepata shida kufika, pengine utasema gerezani. Ukuta mrefu, geti limefungwa, wageni wamepigwa marufuku. Lakini hebu simama kidogo kwenye hilo geti. Askari wanaingia na kutoka kila zamu. Wauguzi nao, na mabasi yanayoleta wafungwa kutoka magereza mengine. Asiyeweza kutoka ni mfungwa peke yake.

Gereza la San Quentin, California, limelipia somo hili mara mbili.

Aprili 1918 aliletwa mfungwa mmoja kutoka mahabusu ya Los Angeles, tayari anaumwa mafua yale makali yaliyoizunguka dunia. Alikaa na wenzake uani, akala nao. Daktari wa gereza, Leo Stanley, alikadiria kwamba nusu hivi ya wafungwa 1,900 waliugua. Akagundua kingine: wagonjwa wapya waliongezeka sana Jumanne na Jumatano. Kumbe kila Jumapili wafungwa walijazana ukumbini kutazama sinema, mahali pasipo na hewa ya kutosha. Hesabu siku mbili tatu tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuumwa, utafika hapo hapo alipofika Stanley. Na kumbuka, kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu kilikuja kutambuliwa 1933.

Sasa ruka miaka 102. Mwishoni mwa Mei 2020, San Quentin haikuwa na mfungwa hata mmoja aliyejulikana kuwa na korona. Gereza la Chino, kusini mwa jimbo, lilikuwa na wagonjwa mamia. Wakuu wakaamua kuwahamisha wafungwa waliokuwa hatarini zaidi, wazee na wenye maradhi sugu, ili kuwanusuru. Zaidi ya 120 wakapakiwa kwenye mabasi kwenda San Quentin. Wengi walikuwa wamepimwa mara ya mwisho wiki kadhaa nyuma. Kipimo cha namna hiyo hakikuambii lolote kuhusu leo. Kinakuambia habari za mwezi uliopita.

Kisha jengo likafanya kazi yake. Seli za San Quentin zimepangwa ghorofa tano, nyingi mbele zina nondo tu, hazina mlango wa kuziba. Watu wawili walikuwa wakilala kwenye chumba cha takriban mita nne za mraba. Wataalamu wa afya walioingia humo Juni 2020 walikuta madirisha ya jengo moja yamechomelewa, hayafunguki. Chembechembe anazotoa mtu akikohoa au akiongea tu huelea hewani, na hewa ya seli moja ndiyo ya mamia ya watu. Uwape barakoa, sabuni na maji. Hewa bado ni ile ile. Ndiyo maana wataalamu wale walishauri idadi ya wafungwa ipunguzwe hadi nusu ya uwezo wa gereza. Haikupunguzwa kwa kasi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo hesabu za maambukizi huwa hazilioni. Wagonjwa walitengwa kwenye seli zile zile zilizotumika kuwaadhibu wakorofi. Jiweke kwenye nafasi yao: ukihisi homa, utasema? Wengi walinyamaza, na kila aliyenyamaza aliendelea kuambukiza. Kumtenga mgonjwa ni tiba pale tu ambapo hapotezi simu, vitabu na jua kwa sababu ya kuugua.

Hadi mwisho wa Agosti wafungwa 2,237 na wafanyakazi 277 walikuwa wameambukizwa. Wafungwa 28 walikufa, na askari mmoja. Wale 277 walikuwa wakimaliza zamu wanarudi nyumbani, kwa wake, waume na watoto ambao hawakuhukumiwa na mtu.

Mwaka 2021 jaji wa kaunti ya Marin aliamua kwamba uhamisho ule na yaliyofuata vilivunja haki za wafungwa kikatiba. Hakuamuru hatua yoyote. Chanjo, alisema, ilikuwa imeshabadilisha hali.