Gari la Shamba na Kamba ya Makumbi

Na Mwandishi Wetu

Msomaji aliyepata kupanda gari la shamba pale Darajani, mjini Unguja, anaijua hali yake. Huingia kwa nyuma, ameinama, akajitafutia nafasi juu ya benchi refu, magoti yake yakakabiliana na magoti ya mtu asiyemjua. Na miguuni pana kikapu cha muhogo, tenga la kuku au dumu la mafuta ya taa. Juu ya paa utingo bado anapokea mizigo. Dirisha halina kioo. Upepo hupita upendavyo, na mvua ikija hushushwa turubai.

Gari hilo halikutoka kiwandani na sura hiyo. Kiwanda, aghalabu cha Japani, kiliunda lori dogo la mizigo. Likatumika huko miaka kadhaa, kisha likavuka bahari likiwa kuukuu. Limekuwa gari la abiria hapa hapa kisiwani, mikononi mwa mchomeaji vyuma na seremala.

Wala si Unguja peke yake. Huko Ufilipino, baada ya vita kwisha mwaka 1945, wananchi waliyachukua magari ya jeep yaliyoachwa na jeshi la Marekani, wakayarefusha, wakayaezeka paa na kuyapaka rangi za kila namna, yakawa usafiri wa taifa zima. Dar es Salaam nayo, zamani, ilikuwa na malori yake ya mabenchi yanayotazamana, ambayo watu waliyaita chai maharage, kwa kuwa abiria walikaa kama walio mezani. Kule Bara yamekwisha kusahaulika. Unguja yamedumu zaidi, na sababu ya kudumu kwake imo katika ardhi na bahari ya kisiwa chenyewe.

Bodi la seremala

Kazi huanzia kwenye chesisi. Lori huvuliwa sanduku lake la mizigo, likabaki kichwa na uti wa mgongo. Juu ya uti huo hufungwa mihimili, kisha nguzo za ubavuni, kisha paa lenye kichanja cha mizigo. Zamani sehemu kubwa ilikuwa mbao. Siku hizi mabomba na mabati yamechukua nafasi ya mbao nyingi, na mwandishi wa makala haya, akiulizwa, atasema kwamba mbao zilikuwa na hekima yake.

Chuma na chumvi havipatani. Unguja ni kisiwa ambacho upana wake, pale palipo papana zaidi, haufiki kilomita 40. Kwa hiyo hapana gereji iliyo mbali na upepo wa bahari. Isitoshe, chumvi yenyewe hulipa nauli. Matenga ya samaki wa Chwaka hudondosha maji yake juu ya paa. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, kikiwa mikononi mwa wanawake hasa, magunia ya mwani yamekuwa abiria wa kila mara. Huitwa mwani mkavu, lakini chumvi imo ndani yake, na mvua ikiupiga hutiririka mpaka kwenye viungo vya chuma. Ubao ukioza huonekana, na ukigongwa hutoa mlio mwingine. Seremala huukata ule uliooza tu akapachika mwingine. Chuma huliwa chini ya rangi, kimya kimya.

Waingereza walipoanza kuunda Land Rover mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwao kwa ajili ya vita vilivyopita, wakatumia alumini kwa bodi. Ndiyo maana Land Rover kuukuu ya pwani huweza kuwa na mashavu mazima, ilhali chesisi yake, ambayo ni ya chuma, inamegeka kama mkate mkavu.

Jambo la pili ni springi. Magharibi ya Unguja ina udongo mwingi, ndiko kwenye mikarafuu na minazi; bali mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo haba. Barabara kubwa za Makunduchi, Nungwi na Chwaka zimetiwa lami, lakini ukiiacha lami kuingia kwenye njia za mashamba ya maweni utakutana na meno ya jiwe yanayochana tairi ubavuni. Kwa hiyo fundi huongeza pleti mbili tatu katika springi za nyuma, mara nyingi kutoka gari jingine lililokwisha kufa, na gari huinuka, tumbo likaepukana na mawe.

Faida hiyo ina gharama yake. Springi iliyokazwa mno huuhamisha mshindo kwenye chesisi, na kwenye migongo ya kina mama. Tena gari lililoinuliwa, likapakiwa magunia ya mkaa na vitanda vya arusi juu ya paa, ni kama mtungi uliojaa juu ya kichwa cha mtoto. Likienda sawa halina neno. Kona moja ya haraka inatosha kulilaza.

Njiani, wakati wa masika

Masika moja nilikuwa miongoni mwa waalikwa wa arusi katika kijiji kimoja cha Kusini. Gari lilikodiwa mjini. Tulipoiacha lami na kuingia maweni, mvua ilikuwa imekwisha lakini mashimo yamejaa maji, na shimo lililojaa maji halisemi kina chake. Gurudumu la nyuma la kushoto likazama, ukasikika mlio kama wa ubao mnene unaovunjwa kwa goti. Springi imekatika: pleti kuu na mbili zilizo chini yake. Bodi likalalia tairi.

Tulishuka sote, wanawake, watoto na masufuria ya arusi. Ungedhani dereva atarejea mjini kutafuta fundi, lakini yeye alivua shati lake jeupe, akalitundika kwenye kichaka, akamwagiza utingo kutia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Jeki waliiweka juu ya ubao ili isizame, wakainua chesisi, si ekseli, hata pakapatikana nafasi baina yake. Katika nafasi ile walitaka kupachika gogo. Gogo lilipatikana katika kuni za mpishi, likachongwa mfuo kwa panga ili likalie ekseli vizuri. Kilichokosekana ni cha kulifungia.

Bibi mmoja, ambaye tangu mjini hakusema neno ila kulalamika juu ya upepo, akafungua kikapu chake, akatoa kitita cha kamba ya makumbi.

Kamba ile, msomaji, ni kazi ya wanawake wa pwani. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa ufuo, yakagandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na maji, yakakaa miezi mingi hata yakalainika. Kisha hufukuliwa yakinuka, yakapondwa kwa rungu, yakaoshwa na kuanikwa, ndipo nyuzi zake zikasokotwa kwa viganja, uzi kwa uzi. Ndiyo kamba iliyoshona mitepe ya mababu zetu, vyombo vilivyovuka bahari bila msumari hata mmoja katika mbao zake. Na uzi ukikatika, mabaharia walikuwa na kamba nyingine chomboni.

Gogo likafungwa, mzunguko baada ya mzunguko, kisha kamba ikakazwa kwa kijiti kilichopindwa ndani yake mpaka ikalia. Kazi yote haikufika saa mbili. Wanaume tukatembea kwa miguu mpaka mawe yalipopungua, na gari likaja nyuma yetu taratibu, limeinama upande kama mtu mwenye jino bovu. Tulifika kabla ya magharibi.

Dawa za njiani

Madereva wa shamba wana dawa nyingi za namna hii, na baadhi yake ni elimu kamili. Tangi la petroli likitoboka, hupakwa sabuni ya kipande iliyokandwa, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Rejeta ikivuja tundu dogo, hutiwa ute wa yai, nao ukikutana na maji ya moto huganda penye tundu. Ila huganda pia kwenye vijia vyembamba vya rejeta, kwa hiyo kesho yake hapana budi kuisafisha. Mkanda wa feni ukikatika, utepe wa kanga uliosokotwa ukafungwa kwa fundo dogo utalifikisha gari kijiji cha pili, mwendo ukiwa wa pole. Tairi lisilo na mpira wa ndani wa akiba hushindiliwa majani makavu. Na dizeli ikimalizika, haitoshi kujaza tangi: upepo umekwisha kuingia katika mabomba, nao lazima utolewe kwa kulegeza skrubu ya pampu na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yakome. Asiyejua hilo ataiwasha mashine mpaka betri ife.

Chumvi tena: maji ya bahari hayatiwi katika rejeta hata kwa dharura, labda gari liwe la mtu usiyempenda.

Zipo dawa ambazo napenda kuzitenga na hizo. Bomba la breki la gurudumu moja likipasuka, dereva hulikunja na kulipiga nyundo ili lizibe, breki za magurudumu mengine zipate kufanya kazi. Linaweza kulifikisha nyumbani gari tupu linalokwenda polepole. Lakini gari la breki tatu, likikanyagwa ghafla, huvutika upande mmoja. Na likiwa na watu ishirini ndani na magunia juu, upande huo waweza kuwa mtaroni. Wengine, mafuta ya breki yakiwapungukia, hutia maji ya sabuni. Breki zikipata moto katika mteremko, maji huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Dereva huligundua hilo mara moja tu.

Fundi niliyeketi naye katika gereji moja ya Mwanakwerekwe alinieleza kwamba kuvunjika kwa gari hakumsumbui. Ndiyo riziki yake. Kinachomkera ni gari linalokuja kwake kwa jambo jingine, akilala chini yake akakuta dawa ya njiani ya miezi minne iliyopita, imeshika kutu, imekuwa sehemu ya gari. Miaka ya 1970 na mwanzo wa ile ya 1980 kulikuwa na udhuru: fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri havikuonekana, na gogo lilikaa chini ya lori kwa sababu springi haikupatikana popote. Leo springi ya mtumba inapatikana. Lakini dereva anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, na siku moja gereji ni siku isiyo na hesabu.

Wiki tatu baada ya arusi ile nilikwenda Darajani asubuhi, nina safari ya Kusini. Gari lililokuwa zamu nililitambua kwa rangi yake. Watoto wawili wa skuli walikuwa wamekwisha kukaa, vitabu mapajani, na juu ya paa yalikuwa yakipandishwa magunia. Niliinama kutazama chini ya ubavu wa kushoto. Gogo la mpishi lilikuwapo vile vile. Kamba ya bibi ilikuwa imelika, na juu yake imefungwa nyingine ya plastiki, ya kijani, mpya.

Dereva aliniona nikiinama. Akasema springi imekwisha kununuliwa, ipo nyumbani kwa tajiri, inangoja siku tu. Nikawauliza wale watoto wanashukia wapi, wakasema Tunguu. Nikamwomba dereva, kwa heshima zote, angalau ateremshe magunia ya juu. Utingo akacheka. Dereva hakucheka, alilitazama paa kwa muda, kisha akamwambia kijana ateremshe manne.

Mimi nilisubiri gari la pili.