Bondia wa Kitui Aliyekuwa Bingwa wa Mbio: Kweli au Uongo?

"Mabingwa wa mbio ndefu wa Kenya hutoka Bonde la Ufa tu." Uongo, na sisi wa Ukambani tumeuvumilia mno. Benson Masya alizaliwa huku kwetu Kitui mwaka 1970. Septemba 1992 alishinda mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, mjini Newcastle, Uingereza, kwa saa 1 na sekunde 24. Cosmas Ndeti, aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1993, 1994 na 1995, ni wa Machakos, papa hapa Ukambani. Mji wa Kitui uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150. Iten, mji wa wakimbiaji huko Bonde la Ufa, unakaribia mita 2,400. Mwinuko husaidia, lakini haumchagui bingwa.

"Mtu wa ngumi hafai mbio." Huu ni uongo mkubwa zaidi, maana Masya mwenyewe alianza na ndondi. Tazama mazoezi ya bondia: alfajiri yuko barabarani anakimbia, jioni anaruka kamba, na chakula anajinyima ili asizidi uzito. Pumzi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kwenye lami. Baada ya kuvua glavu, Masya alishinda mbio za Great North Run za Uingereza mara nne, mwaka 1991, 1992, 1994 na 1996, na marathoni ya Honolulu mara tatu.

"Anayeacha ngumi ameogopa." Uongo, tena unaoua. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyetwaa dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, Seoul 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pigano la Las Vegas. Alikuwa na miaka 26. Hata kofia ngumu haitoshi. Katika hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ambako kofia hiyo huvaliwa, wamekuwapo wachezaji walioajiriwa hasa kupigana ili kuwalinda wenzao. Wakizichapa huadhibiwa dakika 5 nje, kisha hurudi uwanjani. Derek Boogaard wa Kanada aliishi kwa kazi hiyo, akafa mwaka 2011 akiwa na miaka 28. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na maradhi yanayoletwa na kupigwa kichwani mara kwa mara.

"Basi mbio zilimpa Masya maisha marefu." Hilo nalo si kweli. Ugonjwa ulimchukua mwaka 2003, akiwa na miaka 33 tu. Natamani kila kijana anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa Ithookwe, Kitui, alijue jina lake, na kila kocha wa ndondi katika miji ya Wote na Kitui awapime wanafunzi wake mbioni pia.