Risasi ya zamani: iangalie kwa macho, usiiguse

Hapa Nakawa watoto wetu wanaokota vyuma chakavu wauze. Wakiokota risasi je? Vita vilifika Kampala Aprili 1979, Idi Amin alipoangushwa, na tena Januari 1986. Si ajabu jembe kufukua moja.

Utaitambuaje? Ya AK-47 ni fupi, haifiki sentimita 6. Ya 303, bunduki ya Waingereza waliyobeba askari wa KAR katika Vita vya Pili vya Dunia, inakaribia sentimita 8, na kitako chake kina ukingo uliotoka nje. Maandishi ya kitakoni mara nyingi yanaonyesha kiwanda na mwaka; hayo waachieni polisi wasome.

Ganda tupu, mdomo wazi, kwa kawaida limeshapigwa. Lakini likiwa bado na kichwa, baruti imo ndani, hata kama limeota kutu. Msiligonge, msilitie motoni, msiliuze. Wekeni alama karibu, ondoeni watoto, mwambieni mwenyekiti wa LC1 au pigieni polisi 999.

Na mtoto akileta habari, asichapwe. Akichapwa leo, kesho ataficha.